Somo Aliloliruka Msusi

Msusi aliyefundwa vizuri hana masikio yake mwenyewe. Mikono ni yake, kiuno kinachomuuma jioni ni chake, lakini masikio ni ya wateja. Hilo Vidole aliambiwa na wifi yake siku ya kwanza aliposhika kitana. "Mtu hakai kwenye kiti kile asubuhi nzima kwa ajili ya nywele tu," wifi alimwambia. "Anakuja na yake moyoni. Wewe suka, usikilize." Kwa hiyo mtu ambaye angemfunua Vidole kitambaa cha kichwa mwaka ule, akaikuta hedifoni imejibanza kwenye sikio la kushoto, angesema huyu anawaibia wateja mali yao. Na kweli alikuwa anawaibia.

Tusimlaumu haraka. Vidole, jina alilopewa na wateja kwa wepesi wa mikono yake, alikuwa mtu ambaye shule ilimkatikia njiani. Alikuwa kidato cha pili baba yake alipofariki, na karo ikafariki naye. Akakaa nyumbani, akakua, akaolewa na fundi bomba mcheshi asiyejua kununa, na dada wa fundi bomba huyo ndiye aliyemtoa jikoni na kumweka mbele ya kioo. Dada huyo alikuwa na saluni ya viti vitatu, sinki nyuma ya pazia, na subira ya kufundisha. Mawifi wengi mnajua wanavyoishi. Ukiwaweka chumba kimoja, jioni unaokota vipande. Hawa wawili walikuwa chanda na pete. Mteja mwenye haraka alishikwa kichwa na wote wawili kwa pamoja, mmoja kushoto mmoja kulia, na mistari ikakutana katikati bila mmoja kumwangalia mwenzake.

Sasa hiyo hedifoni ilifikaje sikioni? Aliileta binti mmoja wa chuo, mteja wa kupita tu, aliyeketi asukwe huku simu yake imelazwa mapajani, na ndani ya simu mwanamume mmoja anaeleza kwa utaratibu jinsi watu wa zamani walivyoamini kwamba mfalme hawezi kukosea, na siku walipoacha kuamini mambo yakawaje. Mikono ya Vidole ilisimama yenyewe.

"Huyo anazungumza na nani?" aliuliza.

"Na yeyote anayetaka kumsikiliza," binti alisema. "Ni kozi ya mtandaoni. Unajiandikisha tu."

"Na karo?"

"Hakuna, dada. Bure."

Vidole alikuwa mtu mzima, anajua kwamba rahisi ni ghali. Alijiandikisha jioni ile ile, kisha akakaa mkao wa kungoja mtu aje kumdai. Hakuja mtu. Kilichokuja ni kozi juu ya kozi: historia, sheria, falsafa, uchumi, fasihi, saikolojia, siasa, dini za ulimwengu, elimu nzima ya binadamu na visa vyake imepangwa pale kama vitambaa dukani, na hakuna muuzaji wa kukukaripia ukishika bila kununua. Siku ile alilia kidogo akiwa jikoni, na alipoulizwa akasingizia kitunguu.

Tatizo lilikuwa moja. Vidole alianza kila kitu na hakumaliza hata kimoja. Historia ilimnogea mpaka vita vilipokwisha na watu wakaanza kuandika mikataba. Falsafa ilimshinda siku mhadhiri alipotumia nusu ya somo akiuliza kama meza ipo kweli. Vidole aliitazama meza ya saluni, imejaa mafuta na vitana na nywele za watu, akaona bwana huyu hajawahi kufuta meza. Saikolojia aliipenda mno, tena kwa hasara ya wenzake, maana kwa wiki nzima hapakuwa na mteja aliyeketi asiambiwe ana jeraha la utotoni. Na somo likianza na maelezo marefu ya taratibu na kanuni, Vidole aliliruka kama mtu arukavyo dimbwi, akatua kwenye lile la mbele lenye visa.

"Mke wangu ana digrii," mumewe aliwaambia mafundi wenzake. "Digrii ya sura ya kwanza."

Alicheka naye, lakini ilimchoma. Alitaka kumaliza kitu kimoja, hata kiwe kidogo namna gani.

Hedifoni ilimtia aibu siku mteja mmoja alipokuwa akisimulia mazishi ya mama mkwe wake. Amefika mahali jeneza linashushwa, sauti imemkatika, na Vidole akacheka. Mhadhiri wa uchumi alikuwa ametania. Mteja aligeuza shingo na nusu ya nywele zikiwa mkononi mwa msusi. Wifi hakusema kitu mbele za watu. Alimwita nyuma ya pazia, akanyoosha kiganja, na Vidole akaivua hedifoni akamkabidhi kama mtoto aliyekamatwa na peremende.

"Ni nini unachosikiliza?"

"Masomo, wifi."

Wifi alikigeuza kidude kiganjani. Alikuwa mwanamke mnene, mpole, mwenye uso usioonyesha hesabu zake. "Soma," alisema. "Nani amekukataza? Mimi mwenyewe ningekuwa na kichwa hicho ningesoma. Lakini sikio la mteja si lako kuligawa. Soma mchana wakiwa hawapo." Akamrudishia kidude chake.

Ndivyo Vidole alivyoingia kozi iliyomkomesha. Ilikuwa ya elimu ya jamii, na mwalimu wake alikuwa bibi mmoja mwenye sauti ya kukwaruza, aliyezungumza kama mtu anayekupa umbea wa maana sana. "Wengi wenu," alisema bibi yule, "mnaishi mahali msipopaona. Mmepazoea. Kazi yenu ya mwisho ni hii: chagueni mahali mnapopajua, mpatazame kama mgeni aliyeshuka leo, kisha mtueleze mlichokiona." Kazi ingetumwa kwa sauti au kwa maandishi, kwa lugha yoyote, mtandao wenyewe ungetafsiri, mara nyingine kichwa chini miguu juu, na wanafunzi wenzako waliotawanyika duniani wangekusikiliza na kukupa maoni. Ukifaulu, cheti.

Vidole alijua hapo hapo mahali pake ni wapi. Na uzuri wa kazi hii ni kwamba haikuhitaji hedifoni. Ilihitaji macho, na macho anayo.

Wiki zile alisuka kuliko alivyowahi kusuka, na aliona mambo. Aliona kwamba watu saluni hawaangaliani usoni. Wanaangaliana kwenye kioo, na yale wasiyoweza kumwambia mtu wanakiambia kioo. Aliona kwamba muuguzi wa zamu za usiku, mteja wao wa miaka, analala kitana kinapomgusa tu utosi, na anakoroma kwa sauti ya ukali kama anayegombeza wagonjwa. Aliona kwamba Mama Pacha, muuza vitambaa wa ng'ambo ya barabara, huanza kila hadithi kwa kulalamika juu ya wanawe na kuimaliza kwa kujivunia. Na aliona jambo ambalo lilimsisimua mpaka nywele za mkono zikasimama. Kila mazungumzo yalipofika kwenye uzazi, mimba ya fulani, mtoto wa fulani kaota meno, wifi yake alikusanya vitana akaingia navyo nyuma ya pazia kuviosha. Vitana vyenyewe mara nyingi vilikuwa safi.

Wifi hakuwa na mtoto. Hilo Vidole alilijua kama wote walivyolijua, na kama wote hakuwa amelitia maanani. Sasa aliona amegundua kitu.

Mchana mmoja saluni ikiwa tupu, wifi ameketi nje kwenye kivuli anapumzisha miguu, Vidole alijifungia stoo kati ya mafurushi ya nywele bandia akajirekodi. Alieleza kioo. Alieleza muuguzi na mkoromo wake. Alieleza Mama Pacha. Mwisho akashusha sauti kama yule bibi wa kozi, akasema: "Mwenye saluni huosha vitana kila watu wanapozungumzia watoto. Vitana ni safi. Nadhani kuna kitu kingine anachojaribu kukiosha, na hakitoki." Sentensi hiyo ilimpendeza mno. Alijisikiliza mara mbili, akatabasamu peke yake gizani.

Sasa angalia mikono inavyoweza kumponza mwenyewe. Kila Vidole alipomaliza kichwa, alikipiga picha kwa nyuma na kuituma kwenye kundi la simu la wateja wote wa saluni, waone mtindo mpya, wavutike. Alifanya hivyo kila siku ya kazi, kwa kidole gumba, bila kuangalia, huku mkono wa pili ukipangusa shingo ya mteja. Kidole kilikuwa kimeijua njia kama punda ajuavyo njia ya kisimani. Mchana ule mlango wa mbele ulifunguliwa, mteja akaita hodi, Vidole akabonyeza kutuma huku anainuka, akatumbukiza simu mfukoni mwa aproni, na kazi yake ya mwisho ya elimu ya jamii ikaenda pale zinapokwenda picha za misuko.

Hakujua. Aliosha kichwa cha mteja, akakikausha, akaanza kugawa mistari. Wifi aliingia kutoka nje, simu sikioni, na Vidole alidhani anasikiliza ujumbe wa ndugu. Kisha akaisikia sauti yenyewe, ndogo, inatokea kwenye simu ya wifi, na ilikuwa yake. Ilikuwa imefika sehemu ya Mama Pacha. Bado kidogo ifike mwisho.

Vidole aliinua macho. Kwenye kioo alimwona wifi amesimama katikati ya chumba, anasikiliza kwa makini, uso hauonyeshi kitu. Sauti ilinyamaza. Wifi aliiweka simu kwenye meza, akaja upande wa kulia wa mteja, akashika nywele, na wawili wale wakakimaliza kichwa kile. Mistari ya katikati haikukutana vizuri, ikabidi ifumuliwe. Mteja alipoondoka wifi alivua aproni, akaikunja, akaweka ufunguo juu ya sinki.

"Kesho utafungua wewe," alisema.

"Wifi, haikuwa ya kwenda kule. Ilikuwa ya shule."

"Nimeelewa kwamba ilikuwa ya shule," wifi alisema, na akatoka.

Vidole aliufuta ujumbe, lakini kufuta wakati huo kulikuwa kufunga zizi na ng'ombe wameshatoka. Jioni alimweleza mumewe, na kwa mara ya kwanza tangu amjue, fundi bomba hakuona cha kuchekesha.

"Dada alizaa," alisema mwishowe. "Kabla hujaja kwetu. Mtoto wa kike. Alikaa siku chache tu. Wazee wakasema lisizungumzwe, tusimkumbushe, basi likawa halizungumzwi mpaka leo."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuwahi kuniuliza. Siku hizi unauliza maprofesa."

Hakulisema kwa ubaya, na ndiyo maana liliuma zaidi. Vidole alimwandikia wifi ujumbe mrefu wa kuomba radhi, akautuma akiangalia vizuri unakokwenda. Ulisomwa. Haukujibiwa.

Asubuhi alifungua saluni peke yake. Muuguzi alikuja wa kwanza, amechangamka. "Kumbe nakoroma," alisema, akajitupa kitini. "Mume wangu ananiambia kila siku, namwita mwongo. Nimemsikilizisha, kafurahi kama ameshinda kesi." Baada ya muda mfupi alikuwa amelala, na Vidole akamsuka kwa mikono iliyopoa. Mama Pacha hakuja kusukwa. Alisimama mlangoni na mkoba wake.

"Yule mama amekaa na mimi miaka yote hiyo," alisema polepole. "Mimi nabwabwaja tu: wanangu hivi, wanangu vile. Na wewe ulikuwa unaona."

"Nimeanza kuona juzi tu, Mama Pacha."

"Ungeniambia mimi, Vidole. Pembeni. Ningeacha." Akavuka barabara kurudi kwenye vitambaa vyake.

Wifi hakuja siku ile, wala iliyofuata. Kiti chake cha katikati kilikaa kitupu, na wateja waliongea kwa sauti za chini kama wamekuja kutoa pole. Vidole alielewa vizuri kinachompotea. Saluni angeweza kupata nyingine, mikono anayo. Wifi mwingine wa namna ile hayupo. Aliyemfundisha kazi, aliyemwachia hata kucheka kwenye mazishi ya watu, ndiye Vidole amemwanika barabarani kama nguo ya ndani, na sababu yenyewe ni sentensi nzuri.

Mchana, saluni ikiwa tupu, aliingia stoo, akaamua kujiondoa kwenye kozi. Alifungua ukurasa atafute mahali pa kujitoa, na akiwa anatafuta aliiona orodha ya masomo, yote yana alama kwamba ameyasikiliza, isipokuwa moja. Lilikuwa somo la pili. Aliliruka mwanzoni kabisa, kwa kuwa kichwa cha somo kilikuwa kirefu, kina maneno taratibu na wajibu, na yeye alitaka visa. Kwa majuto, au kwa kujiadhibu, alilibonyeza.

Sauti ya kukwaruza ilijaa stoo. "Kabla ya kumweleza mtu kwa wengine," alisema yule bibi, "mwombe. Ukishamweleza, rudi kwake umsomee ulichosema, umwulize umekosea wapi. Lazima utakuwa umekosea. Anayejua maisha yake ni yeye, wewe umechungulia tu. Na akikukatalia, nyamaza, hata kama umeandika vizuri namna gani."

Vidole alibaki amekaa juu ya furushi. Alikuwa anajiona mtu aliyekosea kubonyeza. Sasa aliona kwamba kosa lilikuwa limekamilika zamani, akiwa bado stoo, anatabasamu gizani. Kidole kililitangaza tu. Alifunga saluni kabla ya wakati, jambo ambalo halikuwahi kutokea, akaenda kwa wifi yake.

Alimkuta kibarazani amepiga magoti, anasugua zulia kwa brashi, povu limemfika viwiko.

"Umekuja kunitazama," wifi aliuliza bila kugeuka, "au umekuja kunisalimu?"

"Shikamoo, wifi."

"Marahaba."

Vidole alivua viatu, akachukua brashi ya pili ndani ya ndoo, akapiga magoti upande wa pili wa zulia. Walisugua. Lilikuwa zulia lenye vumbi la miaka na maji yalitoka meusi.

"Nimekuja kuomba radhi," Vidole alisema. "Kwenye simu nilituma maneno tu. Halafu nimekuja kukuuliza nilipokosea."

"Profesa anauliza."

"Profesa aliruka somo, wifi. Somo lenyewe lilikuwa linasema mtu aombwe kwanza."

Wifi aliachia kicheko kidogo cha puani, kisha akarudi kusugua. "Umekosea," alisema. "Umesema naondoka kwa sababu najaribu kuosha kitu. Mimi naondoka ili wao waendelee. Nikikaa pale mmoja atanikumbuka, ataumeza ulimi, na wenzake wataumeza. Mwanamke ametoka kwake na furaha ya mjukuu, aje aimeze kwa ajili yangu? Saluni itakuwa matanga. Basi naondoka, wanasema mpaka wanatosheka. Na pale sinki panasikika kila kitu."

Vidole alisugua mahali pale pale.

"Na vitana ni safi kwa sababu naviosha," wifi aliongeza.

"Hilo nalo nimekosea."

"Hilo umekosea sana." Alizamisha brashi ndani ya ndoo na hakuitoa. "Mimi sikuumia kwamba wamesikia. Wengi walikuwa wanajua, ni watu wazima. Nimeumia kwamba umekaa na mimi miaka yote hii, unakula kwangu, tunashika kichwa kimoja, umeliona, na hukuniuliza. Ukaenda kuwaambia watu wa mbali."

Hapo Vidole alilia, na safari hii hapakuwa na kitunguu cha kusingizia. Wifi alimwacha alie. Alipomaliza, Vidole alijifuta kwa mkono wenye povu, povu likamwingia jichoni, akalia upya kwa sababu hiyo nyingine, na wote wawili wakacheka bila kutaka. Kisha akauliza swali ambalo ukoo mzima, kwa mapenzi mengi na kwa uoga, haukuwahi kuliuliza.

"Alikuwa na jina, wifi?"

Wifi aliketi chini kabisa, kwenye sakafu iliyolowa. "Waliniambia hana haja nalo," alisema. "Wakasema nisijitie uchungu. Lakini nilimpa. Tulilijua mimi na marehemu baba yake." Akalitaja. Akalitaja mara ya pili, polepole, kama anayeonja kama bado lina ladha yake. Halafu akaeleza mengine: vidole virefu, vya mtu ambaye angekuwa msusi; na jinsi alivyopenda kulala amefungua kiganja kimoja. Alieleza mpaka zulia likaanza kukauka na povu lake, ikabidi walisugue upya.

Jina lenyewe sitalisema hapa. Nami nimesikiliza lile somo.

Wifi alirudi saluni siku iliyofuata. Mama Pacha alivuka barabara mara tu alipomwona, akasimama mbele yake, akaanza kujikanyaga: samahani, miaka yote, sikujua, nitaacha. Wifi alimshika bega akamketisha.

"Ukiacha, mimi nitajuaje kama yule mdogo alipona kikohozi?" alisema. "Ulikatiza hadithi juzi mteja alipoingia. Nimekaa siku hizi nyumbani nawaza."

Mama Pacha alipepesa macho. "Alipona," alisema. "Akamwambukiza mwenzake."

"Basi simulia vizuri, kuanzia mwanzo." Na wifi akasimama pale pale nyuma ya kiti, akagawa nywele, akasikiliza karibu.

Kuhusu kozi, ni wifi aliyeuliza. "Ile kazi yako uliituma?" Vidole alisema ameifuta na hataituma tena. Wifi akasema ujinga huo asiurudie. Mtu haachi shule mara mbili. Warekodi upya, waombe ruhusa kwa kila mmoja, na yake ataisema yeye mwenyewe kwa mdomo wake. Muuguzi alitoa ruhusa kwa sharti kwamba mkoromo uitwe kupumua kwa nguvu. Mama Pacha alitaka pacha wake watajwe kuwa wa kwanza darasani, akaambiwa hii ni elimu ya jamii, si matangazo, akakubali wa pili. Na ilipofika zamu yake, wifi aliketi stoo juu ya furushi la nywele bandia, akaeleza kwa nini huondoka, na anachosikia akiwa sinki. Mwisho, bila kuambiwa na mtu, akalitaja jina la binti yake na kusema amelitaja ili na wengine walitaje.

Safari hii walituma wote wawili, macho kwenye kioo cha simu, wakihakikisha njia hatua kwa hatua kama wanaovuka barabara kuu.

Maoni yalikuja kidogo kidogo. Mmoja alisifu sehemu ya kioo. Mmoja alisema mkoromo, samahani, kupumua kwa nguvu, kumemkumbusha baba yake. Cheti nacho kilikuja, na fundi bomba alikitembeza kazini akidai mkewe amefika sura ya mwisho na wote wampigie saluti. Vidole alikuwa na furaha ya kumtosha. Lakini kulikuwa na maoni mengine, yaliyochelewa, ya mtu wa nchi ambayo wifi alijaribu kuitamka akaiacha njiani. Vidole aliyasoma kwanza peke yake, kisha akamngoja mteja wa mwisho wa asubuhi atoke ndipo akamwita wifi yake, akamwuliza kama anaruhusu amsomee.

"Soma," wifi alisema.

"Anasema: sina maoni juu ya kazi, ni nzuri. Nilisikiliza sehemu ya mwisho nikiwa na mama yangu. Naye alikuwa na mtoto kama huyo, na kwetu pia hawatajwi. Tumelitaja jina la binti yako kwa sauti, mimi na mama, tukarudia mpaka tukaweza kulitamka vizuri. Halafu mama akanitajia la wake."

Wifi alikaa kwenye kiti cha katikati, kile cha wateja, ambacho hakuwa na desturi ya kukikalia. Hakulia. Alijitazama kwenye kioo, akamtazama Vidole mle mle kiooni, kisha akageuza shingo na kumtazama yeye mwenyewe.

"Muulize," alisema, "huyo wa kwao aliitwa nani. Na sisi tulitamke."